Mgao Upi wa Linux Umfaao Anayeanza?

Tangu Windows 10 ifungiwe mlango, kuna swali moja ambalo wenzetu wenye kompyuta nyumbani hawachoki kuliuliza: "Nasikia Linux ni ya bure. Sasa mimi nianze na ipi?" Swali ni zuri, tatizo ni majibu. Huyu atakwambia chukua Ubuntu. Yule atasema Ubuntu ni nzito, chukua Mint. Wa tatu, ambaye ametazama filamu nyingi za wadukuzi, atakushauri Kali, tena kwa kunong'ona kana kwamba anakupa siri ya serikali. Ukiondoka hapo huna jibu, una kizunguzungu tu.

Katika makala haya nataka tulijibu swali hilo kwa hali yetu sisi tunaoishi chini ya mlima Kasigau, wala si kwa hali ya mtu wa jijini aliye na Wi-Fi mchana na usiku. Ushauri mwingi unaozunguka kuhusu Linux umetoka kwa watu wa namna hiyo. Si kwamba ni uongo, la. Ni ushauri wa mtu ambaye hajawahi kuhesabu megabaiti.

Kwanza, kwa nini jambo lenyewe ni la haraka? Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, zinawaka kama jana, lakini matundu ya usalama yanayogunduliwa tangu hapo hayazibwi tena, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kuongezewa muda, na muda wenyewe ni mfupi. Wanasema hamia Windows 11. Lakini wapi! Windows 11 inadai RAM ya GB 4, diski ya GB 64, kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa ambayo kwa upande wa Intel ni ya kizazi cha 8 kuendelea, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka 2017. Sasa ziangalie zile ex-UK zinazouzwa Voi na Mombasa. Nyingi zilitengenezwa kabla ya hapo. Kioo kizima, kibodi nzima, betri inajikaza, ila mashine imeambiwa imezeeka. Mzazi aliyeuza mbuzi ili mwanawe apate kompyuta hawezi kuuza wengine kwa sababu ya TPM. Ndiyo maana nasema kuchagua vizuri si mchezo wa wapenda mashine. Ukichagua vibaya, utakata tamaa wiki ya kwanza, na kompyuta itaishia juu ya kabati ikifunikwa kitambaa.

Linux yenyewe, kwa hakika, si mfumo mzima. Ni kiini, ile sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na prosesa, diski na kibodi. Kiini hicho kilianzishwa na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, ambaye alikitangaza tarehe 25 Agosti 1991 akiwa na umri wa miaka 21. Tangu 1992 kimetolewa kwa leseni ya GPL. Leseni hiyo inamruhusu yeyote kukitumia, kukinakili, kukichungulia ndani na kukibadilisha, mradi naye akikigawa asiwafungie wengine. Kama una simu ya Android, kiini hicho tayari kimo mfukoni mwako, nawe huna habari.

Lakini kiini peke yake hakiandiki barua. Kinahitaji menyu, madirisha, kivinjari, programu ya kuandikia, ya muziki na kadhalika. Basi vikundi mbalimbali duniani huchukua kiini kilekile, hukifungasha pamoja na programu walizozipenda wao, kisha huupa mzigo huo jina. Mzigo huo ndio vijana huuita "distro". Hapa nitauita mgao, maana kila kikundi kimegawa kwa jinsi yake. Debian ni mgao, Ubuntu ni mgao, na vivyo hivyo Fedora, Mint, Arch na Puppy. Iko mamia, na hapo ndipo mgeni anapopotea.

Dawa ya kupotea ni kujua koo. Debian ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Ubuntu ilitoka Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, nayo imejengwa juu ya Debian. Linux Mint ilianza 2006, ikajengwa juu ya Ubuntu. Kwa hiyo Debian ni babu, Ubuntu ni mwana, Mint ni mjukuu. Lubuntu na Xubuntu ni ndugu wa Ubuntu waliovaa nguo nyepesi. Kote humo amri ya kuweka programu ni moja, apt. Fedora ni ukoo mwingine wenye amri yake ya dnf, na Arch ni mwingine wenye pacman. (Jina Ubuntu lisikupite hivihivi. Ni neno la Kizulu na Kixhosa lenye mzizi mmoja na "utu" wetu. Mwalimu wa isimu atafurahi.)

Nikitafuta mfano wa uchaguzi huu naona hakuna unaopita ule wa mbegu. H614 ni mahindi mazuri sana, muulize mtu wa Kitale. Lakini hukaa shambani miezi 6 na zaidi ikingoja mvua. Huku kwetu mvua ikija ni ya wiki chache, kisha kimya, na ndovu nao wana mipango yao. Mtu wa nchi kavu hupanda Katumani ama DH04, mbegu za muda mfupi zinazowahi kabla jua halijakaza. Hakuna anayesema H614 ni mbaya. Tunasema si ya hapa. Basi Ubuntu kamili, yenye madoido yake yote, ndiyo H614.

Anza na mashine, si na jina

Kabla hujataja jina la mgao wowote, jua mambo mawili kuhusu kompyuta yako: RAM ni kiasi gani, na je, prosesa ni ya biti 64 ama 32? Katika Windows 10 fungua Settings, kisha System, kisha About, na yote mawili yameandikwa hapo. Yaandike kwenye karatasi. Mtu anayeuliza "nianze na ipi?" bila karatasi hiyo ni kama anayemwuliza fundi kiatu bila kutaja mguu.

Ubuntu 24.04, ile ya Aprili 2024, inataka RAM ya GB 4 na diski ya GB 25. Hicho ndicho kiwango cha kuanzia, si cha raha. Linux Mint wao wanasema GB 2 yatosha kuanza na GB 4 ndiyo ya kustarehe. Mint hutoka kwa sura tatu, Cinnamon, MATE na Xfce, na ya Xfce ndiyo nyepesi kuliko zote. Kwa hiyo kama karatasi yako inasema GB 4, Mint Xfce itakaa vizuri. Ikiwa ni GB 2, jaribu Lubuntu ama hiyo hiyo Mint Xfce, lakini kwa subira. Ikiwa chini ya hapo, tafuta antiX ama Puppy, migao iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya vikongwe. Ukiwa na GB 8, sina la kukwambia, chagua unachopenda.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa Linux hulificha. Linux haiongezi RAM. Mfumo mwepesi utawaka na kutumia chini ya GB 1, ndiyo, lakini ukifungua kivinjari chenye kurasa sita, moja ikiwa ya video, kivinjari hicho kitaila RAM iliyobaki vilevile kama kingekuwa Windows. Ukiona mtu anajigamba kwamba kompyuta yake ya GB 2 "inapaa", muulize anafungua kurasa ngapi. Tena, ikiwa una visenti vya kutumia, kuondoa diski ya zamani ya kuzunguka na kutia SSD kutabadilisha mwendo wa mashine kuliko mgao wowote utakaouchagua. Hilo si kisa cha Linux, lakini ni kweli.

Wenye prosesa za biti 32 mna shida yenu peke yenu. Mint iliwaacha kuanzia toleo la 20 la mwaka 2020, Ubuntu ilikuwa imeshawaacha kabla ya hapo, na hata babu Debian, katika toleo la 13 lililotoka Agosti 2025, hana tena kisakinishi chenu. Toleo la 23 la antiX na baadhi ya matoleo ya Puppy ndiyo yaliyobakia kuwakumbuka. Kabla hujahuzunika, hakikisha: mara nyingi prosesa ni ya 64, ila aliyeuza aliweka Windows ya 32. Ukurasa wa About hutaja prosesa na mfumo katika sentensi moja. Soma neno kwa neno.

Halafu kuna bando

Faili ya Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6. Ya Mint Xfce ni karibu GB 3, nusu yake. Puppy nyingi hazifiki GB 1. Kwa mtu wa Helsinki tofauti hiyo ni ya kunywa chai. Kwa mwanafunzi wa Rukanga ni tofauti ya kulala na kutolala. Na kupakua ni mwanzo tu. Siku ya kwanza baada ya kuweka, mfumo utakuomba masasisho ya mamia ya megabaiti, na hayo usiyakatae, ndiyo viraka vyenyewe vya usalama vilivyokufukuza Windows 10.

Hapa ndipo naonya juu ya Arch na nduguze. Hii ni migao isiyo na matoleo. Hutiririka tu, leo kipande hiki kipya, kesho kile. Wanaoipenda wanaisifia kwa haki, daima ni mipya. Lakini mto huo unataka unywe kila wiki. Ukikaa muhula mzima bila kusasisha kwa sababu bando halipo, siku utakaposasisha utapokea mzigo mkubwa kwa mkupuo, na aghalabu kitu kitakatika njiani. Fedora nayo hutoa toleo jipya takribani kila miezi 6, na kila toleo huhudumiwa kama miezi 13 tu. Kinyume chake, Ubuntu 24.04 na Mint 22 zilitolewa mwaka 2024 kwa ahadi ya kuhudumiwa hadi 2029. Ukiiweka, unatulia miaka na miaka ukitia viraka tu. Kwa sisi, hiyo ni sifa kubwa kuliko upya.

Zamani kampuni ya Ubuntu ilikuwa ikituma CD kwa posta bila malipo popote duniani, hadi ilipoacha mwaka 2011. Siku hizi posta yetu ni flashi. Mmoja anapakua, kumi wananakili. Leseni inaruhusu kabisa, huku si kuiba. Ila unaponakili kutoka kwa mtu usiyemjua vizuri, hakikisha faili haijaharibika wala kuchezewa. Kila mgao hutangaza kwenye tovuti yake alama ndefu ya herufi na tarakimu 64 iitwayo SHA256. Katika Windows fungua Command Prompt, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256, na ulinganishe. Ikitofautiana hata herufi moja, futa faili hiyo.

Jirani yako anatumia nini?

Tukifika hapa msomaji atasema, "Basi nimeelewa, ni Mint Xfce." Ngoja kwanza. Kuna jambo la tatu, na kwangu mimi ndilo zito kuliko yote, ingawa halimo katika orodha yoyote ya sifa: nani atakusaidia saa mbili usiku printa ikikataa? Ikiwa binamu yako anasoma Chuo Kikuu cha Taita Taveta na anatumia Ubuntu, ama mwalimu wa kompyuta anatumia Debian, basi mgao wake una kitu ambacho mwingine hauna, yaani yeye. Mgao wa pili kwa ubora ulio na mtu karibu unaushinda mgao wa kwanza usio na mtu. Ndiyo maana nilieleza habari za koo. Binamu mwenye Ubuntu anaweza kukusaidia na Mint, kwa kuwa amri ni zilezile. Lakini ukichukua mgao wa ukoo mwingine kwa sababu tu ulivutiwa na picha za mandhari yake, umejihamisha kijijini peke yako.

Na ukiona hakuna jirani yeyote? Hapo shika ukoo wa Debian na uwe wewe jirani wa wengine.

Tuseme neno juu ya Kali, maana wavulana wa bwenini hawatanisamehe nikiiruka. Kali Linux ilitoka 2013, nayo ni sanduku la vifaa vya watu ambao kazi yao ni kupima usalama wa mitandao, tena kwa idhini. Watengenezaji wake wenyewe wanasema haimfai anayejifunza Linux kwa mara ya kwanza. Ni kama kujifunza upishi kwa kununua kisu cha daktari wa upasuaji. Isitoshe, kujaribu kuingia katika kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya mitandao, na kisingizio cha "nilikuwa najaribu tu" sijui kama hakimu atakielewa.

Watahiniwa, sikizeni

Yule anayefanya somo la Kompyuta katika KCSE asibadilishe mashine anayofanyia mradi wake. Nasema hivi nikiwa mpenzi wa Linux. Mradi ule huhitaji hifadhidata, na shule nyingi hutumia Microsoft Access. LibreOffice, ambayo huja pamoja na Mint na Ubuntu, hufungua barua za Word na majedwali ya Excel vizuri, pengine mpangilio ukisogea hapa na pale, lakini faili za Access ni habari nyingine kabisa. Maliza mtihani kwanza. Na kompyuta za maabara si zako wala zangu, hata uwe na nia njema namna gani, muulize mwalimu.

Kwa mashine ya nyumbani, uzuri ni kwamba unaweza kuonja kabla ya kununua, na hata kununua kwenyewe hakuna. Unaiandika faili ya mgao kwenye flashi kwa programu kama Rufus, unazima kompyuta, unachomeka flashi, unawasha huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi ama F9 kwa HP, kisha unachagua flashi. Mfumo wote utawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows yako. Itakuwa polepole kidogo, usiihukumu kwa hilo. Hukumu haya: Je, Wi-Fi inaonekana? Sauti inatoka? Mwanga wa kioo unapungua na kuongezeka? Ukifunika kifuniko kisha ukafunua, inaamka? Wi-Fi ndiyo hukataa mara nyingi, hasa zile za Broadcom katika mashine za zamani. Ikikataa, unganisha simu kwa waya wa USB na uigawie kompyuta intaneti kutoka simuni, kisha utafute kiendeshi chake katika Driver Manager ya Mint. Kama mgao mmoja umekataa kabisa, jaribu mwingine. Hii ndiyo faida ya kuonja.

Ukishaamua kuweka moja kwa moja, kisakinishi kitakuuliza kama ufute diski yote ama uiweke kando ya Windows. Kabla hujajibu, picha za harusi ya dada na nyaraka za baba ziwe zimeshanakiliwa mahali pengine. Zote.

Na Kiswahili je?

Jarida hili ni la Kiswahili, kwa hiyo siwezi kumaliza bila kugusa hilo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi uliojulikana kama Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu programu yenyewe ilikuwa huria. Hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa ng'ambo. Leo ukichagua Kiswahili katika migao mingi utapata nusunusu, menyu moja Kiswahili, ya pili Kiingereza, kwa sababu tafsiri hufanywa na watu wa kujitolea na waliojitolea ni wachache. Mimi ningeshauri anayeanza aache menyu kwa Kiingereza kwanza, maana maelezo ya kutatua shida yameandikwa kwa lugha hiyo, lakini aweke kifurushi kiitwacho hunspell-sw. Ni kamusi ya kusahihisha tahajia. Amri ni sudo apt install hunspell-sw, basi. Kisha uiambie LibreOffice kwamba unaandika Kiswahili. Wale wanaopiga chapa jarida letu wanajua adha ya kuona kila neno limepigiwa mstari mwekundu kana kwamba lugha nzima ni kosa. Mstari huo hubaki chini ya yale yaliyokosewa kweli, pamoja na majina yetu ya Kitaita ambayo kamusi hiyo haijayasikia.

Katika kabati la chama kuna flashi mbili, moja ya Mint Xfce na nyingine ya antiX ya biti 32. Anayetaka kunakili aje Alhamisi baada ya michezo, na flashi yake ya GB 8 na ile karatasi yenye RAM na biti. Flashi iwe tupu, kwa kuwa kilichomo kitafutwa chote.